Karotidi: kupita mbele au nyuma ya vena ya jugula, na hatari ya damu kuganda kwenye vena

#1 KisuChaShingo

Wakuu, hamjambo. Mijadala ya endarterektomia ya karotidi (upasuaji wa kutoa plaki, yaani utando wa mafuta, ndani ya ateri ya shingoni) huwa inaishia kwenye ateri: kiraka au kupindua, shanti (mpira wa muda wa kupitishia damu) kwa kila mgonjwa au kwa anayeihitaji tu. Uzi huu naomba uwe wa vena ya jugula ya ndani. Ndiyo inayokaa kati yako na ateri, na jinsi unavyoisogeza ndiyo inayoamua neva ipi itaumia, na kama vena yenyewe itakuwa bado inapitisha damu mgonjwa akiamka.

Mwanzo ni mmoja kwa njia zote. Mgonjwa analala chali, kitambaa kilichokunjwa kiko chini ya mabega, kichwa kimegeuzwa kiasi upande wa pili, na kitanda kimeinuliwa kichwani digrii 10 hadi 15 ili vena zisijae. Neno "kiasi" lina maana yake. Ukikigeuza kichwa mno, jugula inalala juu ya ateri na unaanza kuhangaika nayo kabla hata ya kuanza kazi. Chale inafuata ukingo wa mbele wa msuli wa sternokleidomastoidi, na ikikaribia pembe ya taya inakunjwa kuelekea nyuma ya sikio, la sivyo ritrakta (chombo cha kutanua jeraha) italivuta tawi la neva ya uso linaloshusha mdomo wa chini. Kata platizma (msuli mwembamba wa chini ya ngozi), sogeza msuli nyuma, jugula hiyo hapo.

Sasa njia zinaachana.

Njia ya mbele: unaachanisha ukingo wa mbele wa jugula na tishu zinazouzunguka, unaitafuta vena ya uso ambayo kwa kawaida inaingia kwenye jugula karibu na mgawanyiko wa karotidi, unaifunga, unaikata, halafu jugula inavutwa nyuma pamoja na msuli. 

Njia ya nyuma: unafuata ukingo wa nyuma wa jugula, ambako matawi ni machache, kisha unaiviringisha vena nzima kuelekea katikati ya shingo. Vena ya uso haiguswi.

Njia ya nyuma ni ya haraka, na inakupa karotidi ya ndani ndefu bila kupigana na neva ya haipoglosali, inayoendesha ulimi. Lakini vena inakaa imekunjwa chini ya ritrakta kwa muda wote wa kazi, na vagasi (neva ya kumi ya kichwani) mara nyingi inavutwa pamoja nayo. Kwa maoni yangu njia ya mbele iwe ndiyo ya kila siku, ya nyuma itumike kwa sababu maalumu. Karibuni mnipinge.

#2 NevaYaKumi

Sikupingi sana, ila tuiseme vizuri habari ya neva, maana watu wanadhani njia ya nyuma ni salama kwa neva kwa kuwa tu haipoglosali haionekani.

Vagasi kwa kawaida inapita nyuma, katikati ya ateri na jugula, ndani ya ala moja. Ukija kwa mbele, unaiacha ilale ilipo. Ukija kwa nyuma unakutana nayo kabla ya ateri, na lazima uamue: ama iende mbele pamoja na vena, ama ibaki nyuma. Ikienda mbele inajikuta imetandazwa juu ya ateri na ritrakta inaivuta. Nyuzi za neva ya koo inayorudi ziko ndani ya vagasi hiyohiyo, kwa hiyo mgonjwa anaamka na sauti ya kukwaruza. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja: udhaifu wa kamba za sauti unaonekana zaidi kwa njia ya nyuma, na mwingi unapona. Kwa kiharusi na kifo hakuna tofauti iliyothibitishwa.

Neva ya aksesori, inayoendesha misuli ya bega, nayo: kwa watu wengi inapita mbele ya jugula huko juu kabla ya kuingia kwenye msuli. Ukipanda na njia ya nyuma hadi theluthi ya juu ya chale bila kuitafuta, unaweza kuivuta au kuichoma kwa umeme. Dalili hazionekani siku ya kwanza. Mgonjwa anarudi baadaye, bega limeshuka, mkono haupandi juu ya kichwa, na hakuna anayekumbuka kulihusisha na shingo.

Kwa njia ya mbele mtego ni haipoglosali. Mara nyingine imegandamana na upande wa chini wa vena ya uso. Anayefunga vena ya uso kwa kuchukua fungu zima la tishu anaweza kufunga na neva humohumo. Safisha vena pande zote mpaka uione koleo ikipita nyuma yake bila kitu kingine, ndipo ufunge.

Takwimu za jumla kwa anayezitaka: jaribio la NASCET liliripoti majeraha ya neva za kichwani kwa asilimia 8.6 ya waliopasuliwa, lile la CREST asilimia 4.6. Katika CREST karibu theluthi moja walikuwa wamepona ndani ya mwezi, na takribani asilimia 80 ndani ya mwaka.

#3 MwanagenziMishipa

Shukrani wakuu. Swali la mwanagenzi: mgonjwa anapewa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kabla ya kubana ateri, na aspirini hajaiacha. Inakuwaje tena jugula igande?

#4 KisuChaShingo

Swali zuri. Angalia muda wa kila kitu. Heparini inatolewa dakika chache kabla ya klempu (kibanio cha ateri), lakini ritrakta imekaa juu ya vena tangu mwanzo wa kuichambua ateri. Kwa hiyo kuna kipindi damu imesimama ndani ya vena iliyobanwa bila heparini yoyote. Baadaye heparini inaisha nguvu au inazimwa kwa dawa ya protamini, wakati ukuta wa ndani wa vena umeshachubuka. Aspirini inazuia chembe sahani, na hizo ndizo zenye kazi kubwa kwenye ateri. Donge la vena linajengwa zaidi na fibrini na damu iliyotuama, hapo aspirini haina msaada mkubwa.

Zile sababu tatu za Virchow zote zipo ndani ya sentimita kumi za shingo: damu imesimama, ukuta umeumia, na mwili uko kwenye mshtuko wa upasuaji unaoongeza uwezo wa damu kuganda. 

Kwa vitendo makosa huwa ni haya:

Meno ya ritrakta ya kujishikilia yenyewe kukaa moja kwa moja juu ya vena. Tumia meno butu, weka shashi yenye unyevu katikati, na meno ya kina yabaki kwenye msuli na platizma. Ukihitaji kuisogeza vena, nyuzi mbili au tatu za kuning'iniza zilizoshonwa kwenye tishu iliyo pembeni ya vena zinafanya kazi hiyo bila kuibana. Kama ritrakta ni lazima, ilegeze kila unapofika hatua ya kusubiri: wakati wa kusubiri heparini izunguke, wakati wa kuandaa kiraka. Utaiona vena ikijaa tena na kurudi rangi yake ya buluu. Ikibaki bapa na nyeupe baada ya kulegeza, kuna kitu bado kinaibana.

Kisiki cha vena ya uso. Ukifunga mbali na jugula unaacha kifuko cha sentimita moja kisichopitisha damu, na donge linaweza kuanzia humo na kuchomoza ndani ya jugula. Ukifunga karibu mno, uzi unavuta ukuta wa jugula na kuubania. Lengo ni milimita mbili au tatu. Upande wa jugula nashauri uzi wa kufunga pamoja na mshono wa kupenyeza, kwa sababu fundo tupu linateleza mgonjwa anapokohoa.

Kukausha kwa umeme karibu na ukuta wa vena. Vitawi vidogo vifungwe kwa uzi au klipu. Kuchoma kunaacha kovu la joto ndani ambalo hulioni kwa nje.

Halafu kuna kurekebisha tundu. Vena ikichanika, kidole juu kwanza, kisha mshono wa pembeni wa polipropilini 5-0 au 6-0 unaochukua kidogo sana cha ukuta. Ukikimbilia klempu na mishono mikubwa, unaacha vena yenye kiuno chembamba na nyuzi nyingi ndani.

#5 UsingiziSalama

Naongezea kutoka kichwani kwa kitanda.

La kwanza: mgonjwa wa karotidi asiwekewe katheta ya jugula upande wowote, labda hakuna namna nyingine kabisa. Upande unaopasuliwa unaeleweka. Upande wa pili ndio wanaokosea. Kama jugula ya upande wa upasuaji itabanwa au kuganda, ubongo unategemea ile ya pili kutoa damu, nawe umeshaiweka mpira ndani. Ukihitaji njia ya dawa za kupandisha presha, mishipa mizuri ya mkononi au vena ya paja inatosha.

Hatari ya hewa: kichwa kikiwa juu na jugula ikiwa na tundu, hewa inaingia kabla damu haijatoka, hasa kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe chini ya ganzi ya shingo. Dalili ya mapema ni kushuka ghafla kwa kaboni dioksidi anayotoa, na presha kufuata. Mpasuaji aweke kidole na kumwaga salini kwenye jeraha, kitanda kishushwe kichwani, oksijeni asilimia 100. Sekunde hizo hazina muda wa maelezo, kwa hiyo ziongelewe kabla ya chale.

Heparini: wengine wanatoa dozi moja ya yuniti 5,000, wengine 70 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mgonjwa wa kilo 50 yuniti 5,000 ni nzito, kwa wa kilo 110 ni nyepesi. Subiri angalau dakika tatu kabla ya klempu. Mwenye kipimo cha muda wa kuganda pembeni ya kitanda alenge zaidi ya sekunde 250.

Protamini inaleta ubishi kila mara. Hesabu kamili ni miligramu 1 kwa yuniti 100 za heparini, lakini kwa kuwa heparini imeshapungua mwilini, wengi wanatoa nusu ya hapo, polepole kwa dakika kama kumi. Takwimu za sajili kubwa zinaonyesha inapunguza kurudishwa thieta kwa kuvuja damu, bila kuongeza kiharusi. Kwa vena sijaona hoja nzuri ya kuikataa. Bonge la damu shingoni linaibana jugula kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kufunga jeraha, shikilia pumzi ya mgonjwa kwa shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji kwa sekunde kadhaa, kitanda kikiwa bapa. Mafundo ya vena yaliyolegea yatajionyesha hapo badala ya kujionyesha wodini usiku. Na tafadhali, shinikizo hilo lisiwe la muda mrefu, presha ya ateri inaporomoka.

Kuhusu ganzi ya eneo dhidi ya usingizi kamili: jaribio la GALA la 2008, wagonjwa 3,526, matokeo mabaya asilimia 4.8 kwa usingizi na 4.5 kwa ganzi. Hakuna mshindi. Ila mkichagua ganzi, ya juujuu tu inatosha. Ya kina inapeleka sindano karibu na mishipa mikubwa na inaweza kupooza neva ya kiwambo. Mgonjwa ambaye kamba ya sauti ya upande mwingine tayari haifanyi kazi hapaswi kupewa hatari hiyo.

#6 NevaYaKumi

Hapo UsingiziSalama amegusa jambo ambalo kwangu ndilo linalofunga mjadala wa njia kwa baadhi ya wagonjwa. Aliyewahi kupasuliwa tezi ya shingo, karotidi ya upande wa pili, au uti wa mgongo wa shingo kwa mbele, aangaliwe kamba za sauti kabla, hata kama sauti yake ni safi. Kamba moja iliyopooza inaweza kufidiwa kiasi kwamba huisikii. Ukimpasua upande wenye kamba iliyo nzima kwa njia ya nyuma na vagasi ikavutwa, kamba zote mbili zinakaa katikati na njia ya hewa inaziba wakati wa kutoa mpira. Kwa mgonjwa wa namna hiyo: njia ya mbele, vagasi isiguswe, au afikiriwe stenti (kimirija cha waya cha kupanua ateri kwa ndani).

#7 KaribuNaMandibula

Mimi ni upande wa njia ya nyuma na naona mnaionea.

Plaki inayopanda juu, mgawanyiko ulio juu shingoni, shingo fupi nene: njia ya mbele itakulazimisha kukata vena ya uso, kuipandisha haipoglosali kwa kukata ateri ndogo inayoivuta chini, kukata ansa (neva ndogo ya misuli ya shingo), na mwishowe tumbo la nyuma la digastriki (msuli wa chini ya taya). Kila hatua ina neva yake. Kwa nyuma unafika palepale kwa kuviringisha vena moja. Na kwa mbinu ya kupindua, ambapo karotidi ya ndani inakatwa pale inapoanzia na kuvuliwa juu ya plaki, unahitaji ateri iliyoachanishwa mzunguko mzima. Kwa nyuma hilo linakuja lenyewe.

Kuhusu vagasi, kosa ni kuipeleka mbele. Iachanishe na vena mapema, kwa mkasi na si kwa kuvuta, ikae nyuma ya ateri ilipozoea. Hapo hoja ya sauti inapungua sana. 

Kuhusu jugula, sikatai kwamba inakunjwa. Lakini tuseme ukweli: jugula moja ikiganda, wagonjwa wengi hawana dalili yoyote, na nyingi zinafunguka zenyewe. Wapasuaji wa saratani ya shingo wanaifunga na kuiondoa kabisa upande mmoja, na mgonjwa anaenda nyumbani. Hatari inayotuhusu kwenye karotidi ni kiharusi.

#8 KisuChaShingo

Hoja ya plaki za juu nakubali, na ndiyo "sababu maalumu" niliyoitaja. Ya mwisho siikubali yote.

Wapasuaji wa saratani huwa wameangalia upande wa pili kabla ya kufunga. Jugula hazilingani. Kwa watu wengi ya kulia ndiyo kubwa, na wapo ambao ya kushoto ni uzi tu. Ukiziba iliyo kubwa kwa mtu wa namna hiyo, presha ndani ya fuvu inapanda. Na mgonjwa wa karotidi ana ubongo ambao ghafla umeanza kupokea damu nyingi kuliko ulivyozoea. Kuongeza damu inayoingia huku ukiziba inakotokea si jambo la kupuuza. Picha ya CT ya mishipa iliyopigwa kwa ajili ya ateri mara nyingi inaonyesha vena pia. Dakika moja ya kuangalia ipi ni kubwa haigharimu kitu.

Pia kuna donge kupanda kwenye sinasi (mifereji ya vena) za ubongo au kushuka kwenda mapafuni. Kwa mapafu uwezekano ni mdogo kuliko donge la pajani, ila upo.

#9 MawimbiSauti

Kwa wanaotaka kupima: jugula siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji inapotosha kirahisi.

Mlaze mgonjwa bapa. Akiwa ameinuliwa, jugula ya mtu mzima inalala bapa kwa kawaida, na wapo wanaoandika "imeziba" kwa sababu hiyo tu. Bandeji iondolewe, maana hewa iliyonaswa chini ya ngozi inatupa kivuli. Anza chini kabisa juu ya mfupa wa mtulinga, panda taratibu kwa mkato wa mviringo.

Donge bichi halionekani. Ni jeusi sawa na damu inayotembea. Kinacholitambulisha ni vena kutobonyea, lakini hapo pembeni kuna ateri iliyoshonwa jana, kwa hiyo usibonyeze kama unavyobonyeza paja. Mwambie mgonjwa anuse hewa haraka kwa pua: jugula iliyo wazi inasinyaa mara moja. Mwambie ajikaze kama anayeenda haja: inatanuka. Isiposinyaa wala kutanuka, na mawimbi ya dopla hayapandi na kushuka kwa pumzi, una sababu ya kushuku. Mtiririko wa polepole unatoa picha ya moshi unaozunguka, hilo peke yake si donge.

Sehemu ya juu nyuma ya taya hatuifikii. Mgonjwa mwenye dalili ambaye sehemu ya chini iko wazi bado anahitaji CT ya vena.

Pia andikeni kwenye fomu njia iliyotumika. Baada ya njia ya nyuma jugula inaweza kurudi ikakaa mahali pasipo pake, na asiyejua anaweza kuitafuta ilikozoea.

#10 ZamuYaUsiku

Upande wa wodi, tatizo letu ni maumivu ya kichwa. Mgonjwa wa karotidi analalamika kichwa, kila mtu anasema presha. Mnatofautishaje?

#11 UsingiziSalama

Kwanza mchukulie kuwa ni damu kuzidi ubongoni mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua. Kichwa kinapwita upande uliopasuliwa, presha iko juu, pengine na jicho la upande huo, kisha kuchanganyikiwa, degedege, na mwisho kuvuja damu. Inaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata mgonjwa akiwa ameshatoka. Shusha presha, wengi wanalenga ya juu iwe chini ya 140 kwa mgonjwa mwenye dalili hizi, tumia labetalolo badala ya dawa zinazotanua mishipa ya ubongo, na piga CT ya kichwa.

Jugula iliyoganda ina sura nyingine: kichwa kinazidi akilala na kupungua akikaa, uso wa upande huo umevimba hasa asubuhi, shingo inauma kwa mstari kando ya msuli wala si kwenye mshono peke yake, wakati mwingine unapapasa kamba ngumu. Presha inaweza kuwa ya kawaida. Lakini zote mbili zinaweza kuwepo kwa mgonjwa mmoja, na CT ya kichwa lazima itangulie kabla ya kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa dozi kamili. 

Bonge la damu shingoni, ulikuwa hujauliza lakini ni lako la usiku: sauti inabadilika, anakataa kulala chali, anameza kwa shida, shingo inapanuka. Ukisubiri mluzi wa pumzi umechelewa. Fungua mshono wa ngozi na platizma hapohapo kitandani, toa bonge, halafu thieta. Mjue pia kwamba kutoa bonge hakurudishi njia ya hewa papo hapo. Damu ya vena na limfu imekwama, zoloto limevimba, na uvimbe huo unabaki. Kwa hiyo anayeingiza mpira ategemee ugumu hata shingo ikishalegea.

#12 MfamasiaWaDozi

Kinga ya damu kuganda kwa wagonjwa hawa, nieleze kwa mpangilio wangu.

Donge la mguu baada ya karotidi ni nadra: kazi ni fupi, mgonjwa anasimama siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa wengi kutembea mapema na mifuko ya hewa ya kubana miguu wakati wa upasuaji vinatosha. Enoksaparini (heparini ya sindano ya chini ya ngozi) miligramu 40 mara moja kwa siku inawafaa wenye sababu ya ziada: aliyepooza mguu kwa kiharusi cha karibuni, mwenye saratani, aliyewahi kupata donge, mnene sana asiyetembea. Ianze baada ya mpasuaji kuikagua shingo, kwa kawaida saa 12 hadi 24 baadaye. Mwenye figo dhaifu apunguziwe. Aspirini haisimamishwi kabla, wakati, wala baada. Aliye kwenye aspirini na klopidogreli pamoja ukimwongezea enoksaparini usiku wa kwanza, unatafuta bonge la shingoni.

Jugula ikishathibitika imeganda: kama jeraha ni la jana, heparini ya kawaida kwa mashine, bila dozi ya kuanzia, kwa sababu unaweza kuizima ndani ya saa chache. Jeraha likitulia, hamia kwenye vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, au warfarini kwa INR (kipimo cha damu kuganda) ya 2 hadi 3, kwa kawaida miezi mitatu. Hapo jadili upya dawa za chembe sahani: kidonge cha kuzuia damu kuganda pamoja na dawa mbili za chembe sahani ni mchanganyiko unaohitaji sababu nzito. Donge dogo ndani ya kisiki cha vena ya uso, lisiloingia kwenye jugula, linaweza kufuatiliwa kwa kipimo tu.

Na hili msilisahau: mgonjwa alipata heparini thieta. Chembe sahani zikishuka kwa nusu au zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, au mapema zaidi kama alipewa heparini ndani ya miezi mitatu iliyopita, fikiria mzio wa heparini unaogandisha damu. Ugonjwa huu unaziba vena na ateri vilevile, pamoja na pale uliposhona. Simamisha heparini za kila aina, ikiwemo ya kusuuzia mipira na enoksaparini, anza argatrobani au bivalirudini, na warfarini isianze mpaka chembe sahani zirudi. Kumuongezea heparini mgonjwa huyu kwa sababu "ameganda" ndilo kosa linalotokea mara kwa mara.

#13 MwanagenziMishipa

Nimepata shule. Moja la mwisho: ile njia mpya ya kuingiza stenti kupitia shingo yenyewe na kugeuza mtiririko wa damu, inaikwepa jugula kabisa?

#14 KaribuNaMandibula

Haiikwepi, inaigusa chini zaidi. Chale ni fupi, juu ya mtulinga, kati ya vichwa viwili vya sternokleidomastoidi. Jugula inasogezwa pembeni, vagasi ipo palepale nyuma, na karotidi ya chini inazungushiwa mkanda. Unahitaji sentimita 5 au zaidi kutoka mtulinga hadi mgawanyiko, ateri yenye upana wa milimita 6 au zaidi, na isiwe na plaki pale unapochoma. Muda wa kuibana jugula ni mfupi sana, hiyo ni faida ya kweli.

Ila vena nyingine inaingia kwenye hesabu: damu inayogeuzwa kutoka karotidi inapita kwenye kichujio na kurudishwa kwenye vena ya paja, kwa kawaida la upande wa pili, kupitia mpira wa ukubwa wa 8 kwa kipimo cha French. Kwa hiyo chunguza paja hilo kwa ultrasaundi kabla, choma vena kwa mara moja ukiiona sindano, toa mpira mapema, na bonyeza bila kuikandamiza vena mpaka ifungwe. Mguu ukivimba wiki ya kwanza, pima paja lile kabla ya kulaumu dawa za presha. Aliyewahi kupata donge la paja hilo atumiwe la upande mwingine.

#15 KisuChaShingo

Na dozi ya heparini hapo ipimwe kweli, zaidi ya sekunde 250, maana damu inatembea nje ya mwili kwenye bomba.

MwanagenziMishipa, ukiandika ripoti ya upasuaji, weka mistari hii hata kama hakuna anayeiuliza: jugula ilipelekwa upande gani, vena ya uso ilikatwa au la, vagasi na aksesori zilionekana au la, tundu lolote la vena na namna lilivyoshonwa, na kama vena ilijaa yenyewe baada ya kutoa ritrakta. Atakayerudi kwenye shingo hiyo, au atakayeipima kwa mawimbi, anahitaji hayo kuliko namba ya uzi wa ngozi.